Mtoto Asisimulie Mara Nane

Hotuba ya afisa ustawi wa jamii katika kikao cha wadau wa ulinzi wa mtoto ngazi ya halmashauri

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa mahakimu, mawakili wa serikali, maofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, waganga na wauguzi, walimu wakuu na walimu wa malezi, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, viongozi wetu wa dini, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa taaluma mbalimbali katika kumlinda mtoto aliyefanyiwa ukatili. Naomba nianze na Alhamisi moja, saa nane mchana, nikiwa katika mwaka wangu wa tatu kazini. Bibi mmoja aliingia ofisini kwangu amemshika mkono mjukuu wake wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu. Mtoto alikuwa amevaa gauni la sikukuu, na bibi alikuwa na bahasha ya khaki iliyokunjwa mara nne. Ndani ya bahasha mlikuwa na PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, isiyo na mhuri.

Mtoto alikuwa amebakwa Jumatatu saa kumi na mbili jioni, na mtu anayemfahamu. Usiku huohuo alimweleza bibi yake. Jumanne asubuhi alimweleza mwalimu wa darasa, na mwalimu wa darasa akampeleka kwa mwalimu mkuu, akaeleza tena. Mchana walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaeleza. Jumatano walifika kituo cha polisi, akaeleza kaunta, mbele ya watu wawili waliokuja kuripoti pikipiki iliyoibiwa, kisha akaeleza dawatini. Alhamisi asubuhi alimweleza muuguzi wa mapokezi hospitalini, ambaye aliitazama fomu, akaona haina mhuri, akawarudisha kituoni. Njiani mtu mwema aliwashauri wapite kwanza ustawi wa jamii. Nikawa mimi wa nane.

Nilimkalisha, nikatoa kalamu, nikamwambia aanze mwanzo. Akasimulia, akiutazama mguu wa meza yangu muda wote. Nilijaza kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, nikawaambia warudi kesho yake, Ijumaa, tukafuatilie ule mhuri pamoja.

Waganga mliomo humu ndani mmekwisha kupiga hesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio la namna hii huanza kutolewa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kutoka Jumatatu saa kumi na mbili jioni hadi Alhamisi saa nane mchana ni saa 68. Mtoto yule aliingia ofisini kwangu akiwa amebakiwa na saa nne, na hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa bodaboda. Sikuzijua saa hizo, kwa kuwa katika mafunzo yangu jambo hilo lilihesabiwa kuwa la watu wa afya. Mwenyezi Mungu alimnusuru mtoto, vipimo vyote vya baadaye vilitoka salama. Lakini saa zile nne ziliishia mikononi mwangu, na tangu siku ile sijaweza kusikia neno "rufaa", yaani kumwelekeza mtu ofisi nyingine, bila kuziona.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu ndani yake hamna mvivu wala mla rushwa. Mwalimu alimsikiliza mtoto na kumwamini, jambo ambalo si dogo. Mwenyekiti aliacha shughuli zake. Askari wa dawati alifungua jalada siku ileile. Muuguzi alifuata utaratibu alioukuta. Kila mmoja wetu alitimiza kipande chake kama alivyokielewa, kisha akamwambia bibi, "Sasa nendeni pale." Kazi yote ya kuunganisha vipande vile tulimwachia mwanamke wa miaka zaidi ya sitini asiyejua kusoma, aliyekuwa akitembea na mtoto mwenye maumivu. Mtoto wa aina hii hatumpotezi ndani ya ofisi zetu. Tunampoteza njiani, kati ya ofisi na ofisi, mahali ambapo hakuna mtumishi anayelipwa mshahara wa kuwapo.

Sheria hatukosi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Tanzania Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, zimemtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18 na zimeweka wajibu wa kumlinda. Ya Bara inamtaka mwanajamii yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na inazipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao sote tunauita MTAKUWWA, ulioanza kutekelezwa mwaka wa fedha 2017/18, uliagiza kamati za ulinzi ziundwe kuanzia taifa, mkoa na halmashauri hadi kata na kijiji au mtaa. Namba 116 ya Simu kwa Mtoto inapigwa bila malipo. Tumejaaliwa vyombo vingi kuliko nchi nyingi zenye hali kama yetu, na kwa hilo nawashukuru waliotutangulia.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba takribani wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Naomba wenzangu tuitafakari hiyo nusu ya pili, yaani wale waliosema. Mtoto anayefungua kinywa amekwisha kufanya sehemu iliyo ngumu kuliko zote, na kila anachokutana nacho baada ya hapo kinawafundisha watoto wengine wa mtaa ule kama kusema kuna faida au hakuna.

Msidhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini. Mwezi Februari mwaka 2000, jijini London, alifariki mtoto wa miaka minane aliyeitwa Victoria Climbié. Alizaliwa Ivory Coast, na wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi ya baba yake ili akasome Ulaya. Desturi hiyo tunaijua sote humu ndani, kwa maana wengi wetu tumelelewa na shangazi au mjomba mjini ili tupate shule, na wengi tulilelewa vizuri. Victoria aliteswa hadi kufa, na mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Uchunguzi uliofanywa na Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulibaini kwamba mtoto yule alikuwa amepita kwenye idara nne za ustawi wa jamii, timu mbili za polisi za ulinzi wa watoto na hospitali mbili, na kwamba zilikuwapo angalau nafasi 12 ambazo angeweza kuokolewa. Daktari mmoja alisema alama za mwilini mwake ni upele, na kwa neno hilo moja ofisi nyingine zikalegeza mkono. Askari aliyepaswa kwenda kuikagua nyumba aliahirisha, akihofia kuambukizwa upele huo. Daktari alikuwa na kipande chake, ustawi wa jamii walikuwa na chao, polisi walikuwa na chao, na hakikuwapo kikao hata kimoja ambacho vipande vyote viliwekwa juu ya meza moja. Nchi yenye magari, kompyuta na bajeti ilishindwa kwenye jambo lilelile tulilolishindwa sisi kwa yule bibi na bahasha yake.

Jibu ambalo watu wa kazi hii wamelifikia katika nchi mbalimbali linafanana. Mwaka 1985, katika mji wa Huntsville, Alabama, nchini Marekani, mwendesha mashtaka mmoja alichoka kuona watoto wakizungushwa, akaanzisha kituo ambacho polisi, mganga, mshauri nasaha na mwanasheria humfuata mtoto alipo. Mwaka 1998 Iceland ilianzisha mjini Reykjavik nyumba iitwayo Barnahus, yaani nyumba ya watoto, ambamo mtoto huzungumza na mtu mmoja aliyefunzwa, na wengine wote wenye haja ya kusikia, wakiwamo wa mahakama, husikiliza kutoka chumba kingine kwa kamera. Nasi tunavyo Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote mahali pamoja: Zanzibar walitangulia, wakakianzisha hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Bara tukafuata hospitali ya Amana, Dar es Salaam. Aliyechagua jina lile alituachia maelekezo yote ya kazi ndani ya maneno matatu. Anayemkabidhi mtoto haachii mkono wake hadi mwenzake awe ameushika.

Najua mtasema kwamba halmashauri nyingi hazina jengo la namna hiyo, na yetu ni mojawapo. Ni kweli. Lakini sikubali kwamba jengo ndilo linalotangulia. Miaka kadhaa baada ya Alhamisi ile nilipata bahati ya kufanya kazi na askari wa dawati, sajenti mwanamke, aliyekuja kunibadilisha fikra. Tulipopata taarifa ya mvulana wa miaka saba anayepigwa na mlezi wake, sajenti aliacha sare kituoni, akaja amevaa kitenge, tukatandika mkeka kwenye chumba cha chanjo cha zahanati baada ya saa za kazi. Tulikubaliana kabla: mimi nizungumze na mtoto, yeye akae pembeni aandike, na kama ana swali aniandikie kikaratasi. Mganga wa zahanati alikuwa chumba cha pili akisubiri. Hatukumuuliza mtoto "Nani kakupiga?" Tulimpa karatasi na kalamu ya rangi, tukamwomba atuchoree nyumbani kwao.

Alichora nyumba, mti, kuku wawili. Alipofika kwenye mlango wa chumba kimoja, alichora komeo kubwa kuliko dirisha, na akalichora upande wa nje. Nikamwambia, "Nieleze kuhusu mlango huu." Maelezo yote yalitoka hapo, kwa maneno yake mwenyewe, kwa muda wa dakika arobaini, na sajenti aliyaandika neno kwa neno, hata pale mtoto alipokosea matamshi. Kikaratasi alinipa kimoja tu, kimeandikwa, "Muulize funguo hukaa wapi." Swali lile lisingenijia mimi hata siku moja. Baada ya mazungumzo mganga alimpima akiwa amekwisha kuelezwa alichosema, hivyo hakumuuliza upya. Alijua pa kutazama. Mtoto yule alisimulia mara moja tu kabla ya mahakama, na jioni ileile akalala kwa familia ya kuaminika ambayo ofisi yangu ilikuwa imeiandaa mapema. Gharama ya serikali siku ile ilikuwa mkeka wa kuazima na nauli yetu ya kurudi nyumbani.

Waheshimiwa mahakimu na mawakili wa serikali watanisaidia kulieleza vizuri zaidi hili linalofuata, lakini nalisema kwa sababu wengi wetu huku chini hatulijui. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kesi nyingi za watoto, basi, husimama au huanguka kwa maneno ya mtoto. Mtoto wa miaka tisa akiulizwa mara nane na watu wanane, kila mmoja kwa namna yake na kwa haraka zake, atatoa majibu yanayotofautiana, kwa sababu maswali yametofautiana na kwa sababu kila mara anajaribu kumridhisha mkubwa aliye mbele yake. Kesi ya mtoto wa bahasha ilikufa hivyo. Mwalimu alikuwa ameandika "jioni", kituoni ikaandikwa "usiku". Kwangu mtoto alisema shati la kijani, dawatini lilikuwa la bluu. Nguo alizokuwa amevaa siku ya tukio bibi alikuwa amezifua Jumatatu ileile, maana hakuna aliyemwambia asifue, wala aliyemwambia kwamba nguo za namna hiyo huachwa zikauke na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa nailoni hutunza unyevunyevu na kuharibu ushahidi. Mshtakiwa aliachiwa huru, na kwa ushahidi uliokuwa mbele ya mahakama simlaumu hakimu.

Tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto mwenye umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi mahakamani kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Hukumu zimekwisha kutenguliwa kwenye rufaa kwa sababu ahadi ile haikuonekana kwenye mwenendo wa shauri. Umri nao ni lazima uthibitishwe, na hapo ndipo kadi ya kliniki iliyo chini ya godoro la mama, au daftari la uandikishaji lililo kwenye kabati la mwalimu mkuu, huwa na thamani kubwa kuliko maelezo yetu marefu. Mwalimu mkuu ambaye hajawahi kuelezwa hivyo hatajua kwamba daftari lake ni ushahidi. Ataliacha kwenye kabati hadi mchwa walimalize.

Nayasema haya kwa sababu mara nyingi tunafikiri kushirikiana ni kuhudhuria kikao pamoja na kusaini karatasi ya posho. Kushirikiana ni kuijua kazi ya mwenzako kiasi cha kutoiharibu. Mwalimu hahitaji kuwa mpelelezi. Ajue tu kwamba mtoto akianza kusema, amsikilize bila kumdadisi, amwambie amefanya vyema kusema, aandike maneno yake kama yalivyotoka, apige simu siku hiyohiyo. Askari hahitaji kuwa mganga; ajue tu kwamba saa zinakwenda, na kwamba fomu inaweza kumfuata mtoto hospitalini, wala si lazima mtoto aifuate fomu kituoni. Mganga ajue kwamba ataitwa mahakamani, kwa hiyo PF3 aijaze kwa mwandiko unaosomeka na kwa maelezo ya alichokiona, na akipata uhamisho aache namba ya simu atakayopatikana, kwani nimeshuhudia shauri likiahirishwa kwa zaidi ya mwaka likimsubiri daktari aliyehamia mkoa mwingine. Nasi wa ustawi tujue kwamba mtoto tunayemrudisha nyumbani Ijumaa jioni anakwenda kulala huko Jumamosi na Jumapili nzima, ofisi zetu zikiwa zimefungwa.

Kuna mambo mawili yanayonikera, na naomba niyaseme kwa uwazi kwa kuwa tuko wenyewe. La kwanza ni kuyamaliza kifamilia. Mtuhumiwa ni baba mdogo, au ndiye anayelipa kodi ya nyumba, au ametoa ng'ombe wawili, na ghafla bibi hapokei simu na mtoto amepelekwa kijijini kwa ndugu. Tunawalaumu wazazi, na wanastahili lawama, lakini tujiulize waliishi vipi tangu walipotoa taarifa. Kama mtuhumiwa ndiye aliyekuwa akileta unga, na sisi tukamkamata tukaondoka, nani alileta unga wiki iliyofuata? Shauri lisilokuwa na afisa maendeleo ya jamii, mtendaji wa kata na viongozi wa dini ndani yake litamalizwa kifamilia hata kama upelelezi ni mzuri. Watu hawa ndio wanaojua familia inakula nini na nani ana sauti ndani ya ukoo.

La pili ni usiri. Tumeunda makundi ya WhatsApp ya kamati zetu, na nia ni njema. Mwezi uliopita nimeona kwenye kundi mojawapo picha ya mtoto, sura yote wazi, jina la shule likisomeka kwenye sweta, ikiambatana na maelezo ya aliyofanyiwa. Kundi lina watu arobaini. Kupeana taarifa ni kumpa anayehusika kile anachohitaji ili achukue hatua, na mtoto akifika sekondari hapaswi kukuta mtu aliyewahi kuiona picha ile. Aliyeiweka alikuwa na uchungu wa kweli, nami nilizungumza naye faragha, akaifuta. Naomba iwe ya mwisho.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ninachokiomba hakihitaji bajeti mpya. Naomba kila ofisi iliyowakilishwa hapa itoe jina la mtu mmoja na la msaidizi wake, na namba zinazopatikana usiku na siku za sikukuu, na orodha hiyo ibandikwe ukutani kaunta ya polisi, mapokezi ya hospitali na ofisi ya kila mwalimu mkuu. Naomba tukubaliane kwamba hakuna mtoto atakayeambiwa "nendeni pale" bila mtumishi kumpigia simu aliyeko pale na kusikia akijibu, "Namsubiri." Na naomba kikao cha mashauri kila baada ya wiki mbili, cha watu wachache wenye majalada mkononi, ambapo kila shauri litatajwa kwa namba na kila mmoja ataeleza alichofanya na kilichomkwamisha.

Ofisi ya mkurugenzi imekwisha kutupatia chumba. Kikao cha kwanza ni Jumanne ijayo saa tatu asubuhi, ukumbi mdogo wa halmashauri, na mashauri yaliyo mezani ni matano. La kwanza ni la msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye sampuli zake zimekwisha kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini hadi jana jioni nilikuwa sijampata mtu wa kuniambia kadi yake ya kliniki iko wapi. Mama yake anasema aliiacha kwenye zahanati ya zamani kabla hawajahamia mtaa wanaoishi sasa. Mganga mfawidhi wa zahanati hiyo yumo humu ndani, nimemwona wakati wa kujiandikisha. Tafadhali, daktari, tuonane kabla hujaondoka.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.